Watu Wasiosalimiwa na Mama

Ukimtuma Mama dukani akanunue chumvi, hakikisha chakula chenyewe ni cha kesho. Hapiti mtu bila kumsalimu. Ataanza na muuza mkaa, amuulizie mguu wake. Atahamia kwa mama wa duka la vitabu, amuulizie mjukuu. Akitoka hapo atamsalimu hata mlinzi wa benki, ambaye naona kama ameajiriwa ili asimjibu mtu. "Za tangu juzi? Watoto hawajambo? Ule mguu je?" Mimi nimesimama pembeni na mfuko mtupu, jua linanichoma utosi.

Lakini wapo watu ambao Mama akikutana nao anafunga mdomo ghafla. Hanuni. Uso wake unakuwa laini kabisa, anawatazama kama mtu anayesubiri chenji, ila salamu haitoki. Wakimsalimu wao, anaitikia vizuri. Wakipita kama hawamjui, naye anapita hivyohivyo.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimuumbua kwa jambo hilo. Tulikuwa kwenye foleni ya kulipia umeme, na mbele yetu alisimama mwanamke mwenye gauni la zambarau pamoja na mume wake. Mimi nilikuwa nimemwona wiki hiyohiyo akishuka ngazi za ofisini kwa Mama. Nikasema kwa sauti ya kutosha foleni nzima, "Mama, humuoni yule? Si yule aliyekuwa analia?"

Mume akageuka. Yule mwanamke akageukia ukuta. Mama alinishika mkono, tukatoka kwenye foleni, na siku ile tulikula gizani.

Njiani alinieleza, tena bila kunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. "Wale wananijua kupitia shida zao. Nikimsalimu mtu mbele ya mume wake, mume atauliza, huyu umemjulia wapi? Nani ajibu? Kwa hiyo salamu ni yao. Wakinipa, napokea. Wakininyima, sidai."

"Na watu wakisema una kiburi?"

"Wanasema tayari," alijibu. "Na wewe, ukiona nimenyamaza, nyamaza na mimi. Usiulize, usitazame, usimwambie mtu. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Mtoto wa miaka tisa huwa anaelewa kila kitu.

*

Mama yangu ni mshauri nasaha. Mtu anakuja na lililomshinda, anakaa naye dakika hamsini, anaongea, Mama anasikiliza. Hana sindano wala dawa. Nikiwaeleza wenzangu shuleni wanacheka: "Kwa hiyo mama yako analipwa kwa kukaa?" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia wajaribu wao, wakae dakika hamsini mbele ya mtu anayelia bila kutazama simu, bila kusema "pole, hata mimi yalinikuta," bila kumpa mfano wa shangazi yao.

Chumba chake kiko juu ya duka la fundi cherehani. Vilikuwepo vyumba vizuri zaidi, vyenye zulia, vyenye maegesho. Mama alichagua hiki kwa sababu ya vyerehani. Mashine sita zikinguruma chini, hakuna anayesimama kwenye ngazi akasikia kinachosemwa juu. Umeme ukikatika, vyerehani vinanyamaza, na Mama anatoka haraka kuweka redio ya betri nje ya mlango. Fundi mwenyewe anajua. Umeme ukienda anawaambia vijana wake, "Haya, ongeeni! Semeni chochote, hata uongo!" nao wanaanza kubishana mpira kwa nguvu.

Fundi huyo ana utani na Mama wa miaka mingi. "Mimi nashona nguo, wewe unashona roho," humwambia. "Tofauti ni kwamba mteja wangu suruali ikimbana anarudi kunitukana. Wako akipona, hata kuja kusema asante hakuna."

"Akija kusema asante, nitajuaje kama amepona?" Mama humjibu.

Kila Jumamosi nilikuwa naenda kufagia. Chumba kina viti viwili, na havitazamani moja kwa moja. Vimekaa mshazari, ili mtu akitaka kutazama dirisha asionekane amekimbia. Saa imetundikwa nyuma ya kiti cha mteja, juu ya kichwa chake, kwa hiyo Mama anaona muda bila kugeuza shingo. Kapu la taka hakuniruhusu niliguse. Humwaga mwenyewe. Nilikuwa nawaza lina siri gani, mpaka siku moja nikachungulia: karatasi laini zilizoloana, basi.

Mimi kuuliza maswali ni ugonjwa wangu. Nilikuwa namuuliza huku nikifagia.

"Mama, ushawahi kusinzia mtu akiwa analia?"

"Mara mbili. Baada ya chakula cha mchana. Nilijifinya paja mpaka likavimba."

"Ukibanwa haja ndogo je?"

"Nasubiri."

"Ushawahi kumchukia mteja?"

Hapo aliendelea kufuta vumbi kwenye kiti kile kile kwa muda mrefu. "Wapo ambao nikisikia hatua zao kwenye ngazi, natamani nijifanye sipo."

"Sasa unafanyaje?"

"Nafungua mlango."

Mambo mengine sikuambiwa, niliyaona. Niliona mwanamume mmoja akisubiri chini ya ngazi jioni tatu mfululizo, na Fundi akikaa kwenye kigoda karibu yake, mkasi mkubwa mapajani, akimsimulia habari za vitambaa. Niliona barua zenye maua yaliyochorwa kwa kalamu, Mama akizichana vipande vidogo sana. Na kuna siku alirudi mapema, akashusha mapazia yote ya nyumba yaliyokuwa safi, akaanza kuyafua.

"Kuna nini, Mama?"

"Kuna mtu amefariki."

"Nani?"

"Mtu."

Mazishi yalikuwa kesho yake, mtaa wa pili tu, tulisikia magari yakipita. Mama hakwenda. Angekwenda, mtu angemuuliza, wewe marehemu ulimjuaje? Alibaki akianika mapazia, akiyanyoosha kwa kiganja kana kwamba yana homa.

Nyumbani naye anarudi masikio yamejaa. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwangu mimi. Nikimwambia nimefeli jaribio, anainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto na kusema, kwa sauti ya polepole, "Naona hilo limekuumiza." Sauti hiyo naijua. Ni sauti ya kazini. Nilikuwa namwambia, "Mama, usinifanyie kazi," naye anacheka, anajipiga shavu, ananiuliza maksi ngapi. Baba, kabla hajahamia mji mwingine na maisha yake mengine, alikuwa akisema ameoa mwanamke anayejua mioyo ya mtaa mzima isipokuwa wake. Sijui kama ni kweli. Baba naye ni msemaji.

*

Sasa nimfikie Mama Mdogo, maana bila yeye haya yote yangebaki vichekesho vya fagio.

Mama Mdogo ni mdogo wa Mama, wamepishana miaka kumi na mbili. Mama yao alipofariki, Mama ndiye aliyembeba, akamsomesha, akamsuka nywele, akamchapa alipotoroka shule. Kwa hiyo anamwita Dada, lakini anagombana naye kama mtu na mama yake. Ana miaka thelathini na minne, anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na kwa miaka kama sita hivi kila mtu amekuwa akimuuliza lini. Lini? Bado tu? Au unachagua sana? Alikuwa akiwajibu kwa mzaha, "Bwana harusi yuko njiani, gari limepata pancha," halafu akifika kwetu anavua viatu, anakaa jikoni, hasemi neno mpaka chai ipoe.

Mwaka jana pancha ikazibwa. Alimpata bwana mmoja mpima ardhi. (Kazi yake si upimaji ardhi. Nimeibadilisha, na kilichompata pia nimekibadilisha, nikabadilisha tena, mpaka Mama alipoisoma karatasi hii akasema, "Sasa huyu simjui." Ndipo nikaendelea.) Kwa wiki nyingi tulimsikia tu. Mpima ardhi kasema hivi, mpima ardhi kanicheka vile. Mama Mdogo alikuwa anatembea kama mtu aliyepunguziwa mzigo wa kichwani. Hatimaye akasema, "Dada, Jumapili saa kumi namleta. Baraka zako kwanza, wengine baadaye. Wewe ukisema sawa, ni sawa. Ukisema hapana, nitalia, lakini nitakusikia."

Kumbukeni maneno hayo.

Mama alianza kusafisha nyumba tangu Alhamisi. Alisugua hata nyuma ya jiko, sijui mgeni angefika huko kufanya nini. Jumapili saa kumi kamili mlango ukagongwa. Mama akaenda kufungua akiwa tayari ameanza kuongea, "Karibuni, karibuni, leo ndiyo leo, nyumba hii imeku..."

Akanyamaza.

Mimi nilikuwa nyuma yake na sinia. Namjua Mama kwa mgongo wake kuliko anavyojijua. Mabega yalishuka kidogo. Kichwa kikainama kushoto. Mlangoni alisimama Mama Mdogo, anang'aa, na kando yake bwana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na mfuko wa matunda mkononi. Wakatazamana, yeye na Mama. Mama, mwenyeji, kwenye kizingiti cha nyumba yake, mwanamke anayemsalimu mlinzi wa benki, hakusema kitu. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Shikamoo, dada," akasema yule bwana.

"Marahaba," Mama akaitikia. "Karibuni ndani."

Chai ilinyweka. Mama alimuuliza ametokea wapi, wamezaliwa wangapi, kazi inaendaje, naye akajibu kila swali harakaharaka kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Alivunja biskuti vipande, hakula. Mama Mdogo alijaza kimya chote yeye mwenyewe. Walipoondoka, Mama alisimama dirishani mpaka wakapotea, kisha akaosha vikombe ambavyo ilikuwa zamu yangu kuviosha.

Nilijua. Ndani ya zile sekunde tano nilijua alishakaa kwenye kile kiti cha mshazari. Nilijisikia mwerevu kupita kiasi, tena nilifurahi. Huo ndio ukweli, siwezi kuupaka rangi.

Jioni hiyo Mama Mdogo akarudi peke yake. "Haya, Dada. Umemwonaje?"

"Wewe unamwonaje?"

"Mimi ndiye nimekuuliza."

"Anaonekana ni mtu anayekujali."

"Anaonekana." Mama Mdogo akacheka kidogo, akisubiri kilichobaki. Hakikuja. "Dada, usinipimie maneno kwa kijiko. Mimi si mteja wako. Sawa au si sawa?"

"Nakutakia heri, mdogo wangu. Kweli nakutakia."

Kila anayejua jinsi dada mkubwa anavyotoa baraka angesikia kwamba hizo hazikuwa baraka. Zilikuwa maneno ya kwenye kadi.

*

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa kazini, na Mama Mdogo alikuja kunisuka. Nilikaa chini, kichwa magotini pake. Alivuta nywele kwa hasira.

"Mama yako ana nini na mimi?"

"Hana kitu."

"Ananionea wivu?"

"Mama? Hapana!"

"Basi kuna nini? Amekaa na mchumba wangu kama anakaa na mtoza ushuru. Wewe si una macho? Wewe huwa unaona kila kitu."

Lile neno la mwisho ndilo lililoniponza. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nywele zinauma, na zilikuwa zinauma. Lakini mtu aliniambia naona kila kitu, na nilikuwa nimekaa na jambo langu wiki nzima kama pipi chini ya ulimi.

"Pale mlangoni Mama hakumsalimu kwanza," nikasema.

Mikono ikasimama kichwani kwangu.

Mama Mdogo naye alilelewa na Mama. Naye alishaambiwa, Mama akinyamaza, anyamaze. Sikuhitaji kuongeza neno, na sikuongeza. Aliniacha na nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, akachukua mkoba wake akakaa sebuleni kumsubiri dada yake.

Mama aliingia saa kumi na mbili, hajatua hata funguo.

"Alikuja kwako?"

"Nani?"

"Dada, usinifanye mjinga. Alikuja kwako, juu kule?"

Mama akanitazama. Mara moja tu, tena nywele zangu, upande mmoja na upande mwingine, akaelewa yote. "Siwezi kukujibu hilo."

"Sema hapana, basi."

"Siwezi kusema hapana wala ndiyo. Ungeniuliza habari za muuza mkaa ningekujibu hivihivi."

"Siolewi na muuza mkaa! Ana mke? Anapiga? Ameua mtu? Anaumwa? Nitikisie kichwa tu, usiseme."

Mama hakutikisa kichwa. Alisimama wima kama mtu aliyebeba maji. 

Mama Mdogo akapiga magoti, na hapo nilitamani nisiwe na macho. "Wewe ndiye uliyenilea. Sikuulizi kama mshauri. Nakuuliza kama mama. Niolewe au nisiolewe?"

 Mama akatua funguo mezani.

"Muulize yeye," akasema.

"Mganga hajigangi, wanasema," Mama Mdogo akajibu akijipangusa magoti. "Kumbe hata ndugu zake hawagangi."

Akaenda kumuuliza.

*

Alirudi siku ya tatu. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiwa na sura ile, macho makavu kabisa.

"Una raha sasa?" alimwambia Mama kabla ya kuvua viatu. "Kumbe mchumba wangu, mdogo wake alifunikwa na kifusi kwenye shimo alilolipima yeye mwenyewe! Miaka minne halali usingizi! Ndicho alichokuwa anakuja kusema kwako. Hicho tu! Si mwizi, si mpigaji..."

Mama alikwenda akafunga dirisha. "Usilisemee hapa. Mtoto yupo, na majirani wapo."

"Lisemwe! Limeshasemwa! Alikuwa amepanga kuniambia mwenyewe, Dada. Alikuwa ameshachagua hata siku, tungekwenda wote kaburini. Mimi nikamvamia, 'Wewe ulikuwa unatibiwa kwa dada yangu, umenificha nini?' Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Kwa hiyo familia nzima imekaa mezani ikanijadili.' Nikamwapia Dada hakusema kitu. Akaniuliza, 'Sasa wewe umejuaje?'  Ningesema nini? Nimejua kwa sababu dada yangu hakukusalimu?"

Alikaa chini hapohapo mlangoni.

"Amesema hawezi kuoa kwenye nyumba ambayo moyo wake umewekwa kwenye droo ya mtu. Amerudisha hata picha." Kisha akainua uso. "Ungesema tu 'sawa,' siku ile. Neno moja. Ulikuwa unajua ni mtu mwema. Ulijua kuliko sisi wote! Ungesema 'sawa,' ningekuwa naolewa."

Nilimtazama Mama nikimwomba ajitetee. Nilikuwa na utetezi wake wote kichwani. Kama angesema sawa kwa aliyoyasikia mle ndani, hiyo nayo ingekuwa kuiba, na kama yule bwana angekuwa mbaya, Mama angesemaje? Mama hakusema lolote kati ya hayo. Alisema, "Ni kosa langu. Lilikuwa pale mlangoni." Basi. Mama Mdogo akavaa viatu.

Tulibaki wawili. Nikamwambia kwamba ni mimi, ingawa alishajua. Nilitaka anikumbatie au anichape, chochote. Akainamisha kichwa kushoto.

"Naona jambo hili limekuelemea," akasema.

"Usinifanyie kazi!" nilipiga kelele. "Mama, leo usinifanyie kazi!"

 Akanyoosha shingo. "Unataka sauti gani? Nyingine niliyonayo ni mbaya."

"Nipe hiyo mbaya."

"Haya. Ulikuwa na miaka tisa nikakueleza. Una kumi na sita, umerudia. Kuna mtu alipanda ngazi miezi minane ndipo akaweza kusema sentensi moja. Wewe ulitumia sekunde ngapi?"

Nilijaribu kuhesabu.

"Na mimi nilitumia tano," akasema. "Pale mlangoni. Miaka kumi na minne nimejizoeza kuwanyamazia ili wasijulikane, na kunyamaza huko ndiko kulikomuuza. Ningesema tu, karibu mgeni. Mjinga yeyote angesema karibu mgeni. Nenda kamalizie nywele zako."

Hizo ndizo nywele nilizokwenda nazo shule wiki nzima, nusu hivi, nusu vile. Sikutaka kuzigusa.

*

Yule bwana alipeleka malalamiko kwenye baraza la washauri. Haki yake. Mama aliitwa mbele ya watu watatu na meza ndefu. Aliniambia machache tu: walimuuliza kama alitoa siri, akasema hapana. Wakamuuliza basi familia ilijuaje, akasema, kwa uzembe wangu. Wakamuuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani anayehusika, akasema hakuna. Hilo la mwisho hakuniambia yeye, nililisoma kwenye barua. Miezi sita asifanye kazi.

Ikabidi awapigie wateja wake simu mmoja mmoja, awaelekeze kwa wengine. Alikaa chumbani kwake, mlango wazi kidogo. Hakuruhusiwa kueleza sababu, na hakutaka kuwadanganya, kwa hiyo alikuwa anasema tu, "Sitakuwepo kwa muda." Mmoja alimtukana, nilisikia sauti ikivuma ndani ya simu kama nyuki. Mmoja aliuliza amekosa nini yeye, mteja, mpaka anaachwa tena. Baada ya huyo Mama alikaa muda mrefu kabla ya kubonyeza namba nyingine.

Fundi aliniita nilipokwenda kuchukua viti. "Mwambie mama yako huko juu kumekuwa kimya mno. Vijana wangu wanashona vibaya." Kisha akanisaidia kubeba kiti kimoja mpaka barabarani. Kapu la taka lilikuwa tupu. Saa niliiacha ukutani, mkono wangu haukuifikia.

Sasa imepita miezi minne.

Jana Mama alinichukua twende sokoni. Siku hizi anatembea upande wa kivuli na hasalimu sana. Tulipofika karibu na duka la vitabu nikamwona Mama Mdogo anakuja mbele yetu, na mwenzake wa maabara, wanacheka kitu. Amekonda. Akatuona.

Mama akasimama. Nikauona uso wake ukilainika, kichwa kikainama kushoto, mdomo ukafungwa. Alikuwa anasubiri. Nilitaka kumtikisa: huyu ulimsuka nywele, huyu ulimchapa, msalimie! Mama Mdogo akahamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile, akatazama vitabu vya dirishani.

"Shikamoo, Mama Mdogo," nikasema, kwa sauti, kama kwenye ile foleni.

"Marahaba," akaitikia, akinitazama mimi tu. Wakapita.

Nyuma yetu nikamsikia yule mwenzake akiuliza, "Nani wale?" Jibu sikulisikia.

Tulitembea mpaka kwenye maduka ya viungo. Mama alisimama mbele ya muuzaji, akasahau alichofuata.

"Amesemaje?" akaniuliza.

"Amesema marahaba."

"Nimesikia. Kwa sauti gani?"

Nikafikiri. Mimi ninayeona kila kitu. "Ya kawaida," nikasema.

"Haya," akasema Mama, na akamgeukia muuzaji wa viungo, ambaye tumemjua tangu sijazaliwa, akamnyooshea kidole pakiti ya chumvi bila kumuuliza habari za nyumbani.